Reli ya mizigo ikipita mtaani kwenu: makaratasi kwanza, maji msiyasahau

Mkiona vijana wenye reflekta wamesimamisha kile kidude cha kupimia ardhi cha miguu mitatu pembeni ya mtaa, jueni muda umeanza kuwatupa mkono. Watu wa Dar tumezoea kungoja X nyekundu ya kubomolewa ipigwe ukutani ndipo tuanze kukimbizana na mwenyekiti wa mtaa, na hapo kila mtu anaongelea hela tu.

Naishi Vingunguti. SGR, ile reli mpya ya umeme, nimeiona ikijengwa tangu vifusi vya kwanza, na tangu katikati ya 2025 ikaanza kubeba na mizigo. Sasa kuna habari za kuifufua TAZARA, reli ya zamani ya kwenda Zambia, na jamaa zangu wa Yombo wananipigia simu: tufanye nini? Kwanza niseme sipingi reli. Malori yakipungua Barabara ya Mandela, mimi nitashangilia kabla ya wengi.

Ulizeni kwanza hifadhi ya reli, yaani ardhi inayoachwa kando ya njia ya treni, inaishia wapi. Mjini ni mita 15, nje ya mji mita 30, na aliyejenga ndani yake huitwa mvamizi hata kama kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yake kila mwezi. Wapo walionunua wakiamini mambo yote yako sawa, mjumbe shahidi, mwenyekiti kagonga muhuri. Muhuri wa mtaa hausogezi bikoni, yale mawe ya mpaka. Nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa mkaangalie ramani kabla hamjamwaga hata ndoo moja ya zege.

Kwa walio nje ya hifadhi, huku kwetu kilichokwamisha malipo ya fidia kuliko vyote ni mirathi. Nyumba ina jina la babu, babu alishatangulia, watoto wamesambaa Tanga na Morogoro, mmoja yuko Oman, na vyumba vya uani vina wapangaji. Mthamini anafika, anauliza mwenye nyumba nani, wanaitika watu wanne. Utaratibu ni kwamba mmiliki anasimama mbele ya nyumba yake, anashika kibao chenye namba, anapigwa picha. Nimeshuhudia ndugu wawili wakinyang'anyana kile kibao, huyu amekishika huku na yule kule, mpaka mthamini akafunga faili lake akahamia nyumba ya jirani. Kwa hiyo fuatilieni cheti cha kifo RITA, kaeni kikao cha ukoo na muandike muhtasari, kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo mkaombe msimamizi wa mirathi. Kazi hii ifanyeni hata kama reli haiji.

Halafu fidia si matofali peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi ambayo hupigwa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapita wengi. Mwenye duka asiye na daftari la mauzo atathibitishaje faida yake? Anzeni kuandika leo. Fomu msisaini kabla ya kuisoma, na ipigeni picha kabla haijaondoka. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, sheria ya uthamini ya 2016 inadai riba juu yake. Na yule dalali anayesema anaweza "kulisukuma faili" kwa asilimia kidogo, mfungulieni mlango atoke.

Ila kinachoniuma mimi ni maji. Fidia hulipwa kwa anayehama. Anayebaki anaachiwa tuta. Reli ya mizigo inahitaji tuta zito, na tuta likikatiza mahali maji yalikokuwa yakipita kwenda bondeni Msimbazi, masika ya kwanza mnajionea wenyewe. Kwetu waliweka kalavati dogo, yaani njia ya maji chini ya tuta, likajaa chupa za plastiki na matope, maji yakarudi nyuma hadi kwenye vitanda. Mtu mmoja mmoja alikwenda kulalamika kwa mkandarasi, akaambiwa "tumelichukua". Tulipobadilisha mtindo, tukapiga video mvua ikiwa inanyesha, tukaonyesha alama ya maji kwenye kuta, tukaambatanisha na barua moja yenye saini za nyumba zote za upande wetu, walikuja na futi kamba. Kalavati la pili likawekwa. Kivuko cha watoto wa shule tuliomba pia, hicho hatujapata. Wanazunguka mpaka leo kwa sababu reli ya umeme ina uzio.

Ndiyo maana nawaambia wa Yombo waulize kuhusu mitaro na vivuko wakati michoro bado iko mezani, kwenye mikutano ile ya tathmini ya mazingira ambayo wengi wetu tunaenda kusaini mahudhurio na kunywa soda. Mradi mkubwa hutakiwa kuwa na cheti cha mazingira, na maoni ya wananchi ni sehemu ya kukipata. Swali lako liandikwe kwenye muhtasari, usiondoke kabla hujaliona.

Barua ziwe na nakala kwa diwani, mkuu wa wilaya na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mpokeaji akikataa kugonga, tumeni kwa rejista posta na mtunze risiti.