Kaburi linamtambuaje mshindi?

Swali: Nafundisha historia sekondari. Wanaakiolojia wakikuta vitu vya Han, dola ya China ya kale, kwenye makaburi ya watu wengine, wanajuaje kama wenyeji walitekwa au walinunua tu?

Jibu: Mwalimu, kitu kimoja cha kigeni hakitoshi. Kioo cha shaba cha kujitazamia hubebwa na mfanyabiashara sawa na askari. Sisi huuliza kwanza: ni desturi gani imekoma?

Chukua Shizhaishan, karibu na Ziwa Dian mkoani Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Mwaka 109 KK majeshi ya Kaisari Wu wa Han yaliingia huko na mfalme wa Dian akasalimu amri. Mwanahistoria Sima Qian aliandika kwamba mfalme huyo alipewa muhuri, akaachwa aendelee kuwatawala watu wake. Mwaka 1956, kaburi namba 6 lilitoa muhuri wa dhahabu wenye mshikio wa umbo la nyoka na maneno "Muhuri wa Mfalme wa Dian". Mimi kila nikiufikiria huo muhuri nasisimka, maana ni nadra andiko na udongo kukutana hivyo.

Lakini muhuri unaeleza habari za ikulu tu. Habari za watu ziko kwenye vyombo vya shaba nyeusi ambavyo matajiri wa Dian walizikwa navyo, vikiwa na kauri zao ndani, yaani makombe madogo ya baharini, ingawa Yunnan haina bahari. Juu ya vifuniko wamesimama watu wadogo wa shaba: wanawake wanafuma, watu wanatolewa kafara, mashujaa wa Dian wanawakanyaga kwa farasi maadui wenye nywele za kusuka. Kwa hiyo hata hawa waliotekwa walikuwa wametangulia kuteka wengine, na walijivunia hilo mpaka kaburini.

Baada ya Han kuingia, sarafu, vioo na zana za chuma vinaongezeka, huku vile vyombo vya kuwekea kauri vikipungua hadi kutoweka. Baadaye yanatokea makaburi ya matofali ya mtindo wa Han. Sarafu peke yake ningeiita biashara. Nyumba ya marehemu ikibadilika na fahari yake ya zamani ikaachwa, hapo utawala umegusa imani.

Kama ni wageni walihamia au wenyeji waligeuka, vitu havisemi. Tunapima strontiamu, elementi itokayo kwenye miamba, katika meno, yakiwa yamesalia. Gamba la jino hujengeka utotoni na kubeba alama ya miamba ya mahali mtoto alipokula na kunywa. Jino lenye alama ya mbali ni la mhamiaji, hata akizikwa kienyeji.