Wasikilizaji wa roki wapo, shida ni masafa

Swali lenu la wiki hii eti mbona stesheni za roki mikoani zimekuwa adimu hivi, au wasikilizaji wameisha? Mi nakataa kabisa. Wasikilizaji wapo, ila masafa yamekuwa mali ghali na yameshikwa na wachache.

Kumbukeni roki iliingiaje FM. San Francisco, Marekani, mwaka 1967 mtangazaji Tom Donahue alianza kwenye KMPX, stesheni iliyokuwa haina pesa, akawa anapiga nyimbo ndefu za kwenye albamu, zile ambazo stesheni za AM, yale masafa ya zamani kabla ya FM, hazikuzigusa, na mtangazaji anachagua mwenyewe. Iliwezekana maana hela ya redio enzi hizo ilikuwa AM, FM wengi hawakuijali. Mwaka 1968 WBCN ya Boston nayo ikaingia kwenye roki, ikadumu mpaka 2009.

Sasa njoo kwenye sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1996. Kabla yake kampuni moja haikuruhusiwa kuzidisha stesheni 40 nchi nzima, baada yake kikomo hicho kikafutwa na kampuni ya redio ya Clear Channel ikaja kupita stesheni 1,000. Mikoani ndo palipoumia zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu soko, yaani eneo moja la redio, lenye stesheni 14 au pungufu mmiliki mmoja anaruhusiwa hadi 5, mradi asipite nusu ya zote na FM zisizidi 3, yaani penye stesheni 10 watu wawili tu wanaweza kuzimaliza, na mwenye FM tatu hawezi kuweka roki mbili zinyang'anyane wasikilizaji wake mwenyewe, ataweka pop, ataweka kantri, na ya tatu ikibahatika kuwa roki basi ni nyimbo zilezile za miaka ya 70 na 80 asubuhi mpaka usiku, kwani hizo hazimtishi mwenye matangazo ya biashara. Kijana mwenye bendi mpya apeleke wapi wimbo wake?

Tena mkataba wa msikilizaji na stesheni haupo. WHFS, roki ya eneo la Washington, Januari 2005 iligeuzwa ghafla ikawa ya muziki wa Kilatini. Wasikilizaji wa Kilatini walistahili stesheni, hilo silipingi hata kidogo, lakini wa roki walilalamika sana na masafa yale hayakurudi.

Tumaini langu liko kwenye leseni za FM za nguvu ndogo ambazo Marekani ilizianzisha mwaka 2000, mwisho wati 100, hakuna biashara, na mwenye stesheni nyingine haruhusiwi kuishika. Inafika kilomita chache tu, sawa, ila inatosha kupiga bendi za hapohapo. Haipewi mtu binafsi na maombi hayapokelewi kila mwaka, kwa hiyo nawaomba wapenzi wa roki popote penye utaratibu kama huu msajili kikundi sasa hivi, msisubiri tangazo litoke.