Kupanga Magurudumu ya Nyuma ya Volkswagen Beetle Iliyoshushwa: Maelezo kwa Mafundi Wanaoanza

Mteja anayeileta gereji Volkswagen Beetle ya zamani iliyoshushwa nyuma aghalabu huja na lalamiko moja: "Fundi, gari yangu inavuta kushoto." Fundi mgeni hukimbilia mbele, akalegeza tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele), akaunyoosha usukani, na gari ikaondoka ikiwa afadhali kwa siku chache. Nawashauri mnaoingia katika kazi hii muanze nyuma. Magurudumu ya nyuma hayana usukani, lakini ndiyo yanayoamua mwili wa gari utaelekea wapi, na ya mbele hayana budi kupindwa kidogo ili kulisahihisha kosa la nyuma. Ekseli ikikaa upogo, hakuna upangaji wa mbele utakaodumu. Kumbukeni pia kwamba sisi Zanzibar tunapita kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa ukingoni ili maji ya masika yapite. Gari yoyote iliyo nzima itaelekea kushoto kidogo kwenye barabara ya namna hiyo. Kwa hiyo ijaribuni mahali tambarare kwanza kabla ya kuihukumu.

Jambo la pili ni kujua ni nyuma ya aina gani mliyo nayo. Beetle nyingi zina ekseli ya bembea: kila upande una bomba moja linalocheza kwenye giaboksi tu, na gurudumu limefungwa moja kwa moja mwisho wa bomba hilo. Nyengine zina shafti yenye viungo viwili, kimoja kwenye giaboksi na kimoja karibu na gurudumu, kila kimoja na mpira wake wa kuzuia vumbi. Magari yaliyouzwa Marekani yalipata muundo huu wa pili kuanzia modeli ya 1969, lakini kwengineko Beetle za kawaida ziliendelea na ekseli ya bembea kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi hautoshi kuwa ushahidi. Ingieni chini mtazame.

Tofauti hiyo ni kubwa mno. Katika ekseli ya bembea, mlalo wa gurudumu, yaani linavyoinamia ndani au nje kwa juu, hauna boliti yake ya kurekebishia. Unatokana na kimo cha gari. Ukiishusha gari, magurudumu hulalia ndani kwa juu. Ukiinyanyua, hulalia nje. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Vijana wengine huziinua Beetle nyuma ili zipite kwenye mawe ya njia za shamba, kisha wakazikimbiza kwenye lami. Gari ya ekseli ya bembea iliyoinuliwa, ikiingia kona kwa kasi na dereva akaachia mafuta ghafla, nyuma hunyanyuka, gurudumu la nje hujikunja chini ya gari, na gari inaweza kupinduka. Mteja akitaka kimo cha namna hiyo, mwelezeni hatari hiyo waziwazi, na msimfungie bila ya kamba au mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi. Iliyoshushwa kidogo hukaa vizuri zaidi barabarani, ingawa ikishushwa mno hula mpira upande wa ndani.

Kabla ya kipimo chochote, chunguzeni hali ya vyuma. Upepo wa bahari hauna huruma na chesisi, na gari iliyolala miaka mingi karibu na pwani inaweza kuwa na rangi nzuri juu na kutu tupu chini. Gongeni kwa bisibisi kandokando ya bomba kubwa linalopita nyuma ya viti, ambamo mna toshenibaa, yaani vile vyuma vya duara vinavyofanya kazi ya springi kwa kusokoteka. Bisibisi ikizama, kazi ni ya mchomeleaji kwanza. Tazameni pia bushi za raba kwenye mabamba ya springi, yaani yale mabamba ya chuma yanayounganisha toshenibaa na ekseli, kwa sababu bushi zilizolika humfanya fundi apime leo na akute kipimo chengine kesho. Boliti za vifuniko vya bushi hizo zipigeni mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla. Ukikata boliti moja hapo, siku nzima imekwenda.

Kimo ndicho cha kwanza kupangwa, na hupangwa kwa meno ya toshenibaa. Chuma hicho kina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9 kamili, na jino moja la nje ni nyuzi 8 na dakika kama 11 (dakika 60 ni nyuzi moja). Anayesogeza jino moja la nje peke yake huibadilisha gari kwa takriban sentimita 5 hadi 6, na hilo ndilo linalofanya magari mengi yaliyoshushwa kwa haraka yawe chini kuliko alivyotaka mwenyewe. Lakini ukizungusha upande wa ndani jino moja na bamba la nje jino moja kinyume chake, inayobaki ni tofauti ya dakika 49 hivi, ambayo gurudumuni ni milimita 6 au karibu yake. Kwa njia hiyo mnaweza kusawazisha kushoto na kulia hata pale upande mmoja umelegea kwa uzee. Andikeni kila jino mlilosogeza kwenye daftari, na pimeni pembe ya bamba kwa kulinganisha na kizingiti cha mlango, wala si na sakafu ya gereji.

Msifungue bamba bila ya kujitayarisha. Hata gari ikiwa juu ya stendi na gurudumu limening'inia, bamba bado limekazwa na toshenibaa na limeegemea ukingo wa chuma. Likitoka pale hushuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Lizuieni kwa mnyororo na jeki, litelemsheni taratibu, na asisimame mtu kwenye njia yake. Kabla ya kulegeza chochote, pigeni alama ya tindo mahali ambapo bamba linakutana na ekseli. Toshenibaa ya kushoto na ya kulia hazibadilishani, kwa kuwa kila moja imetengenezwa kusokoteka upande wake. Msizikwaruze, maana ufa huanzia kwenye mkwaruzo, na meno yapakeni grisi wakati wa kurudisha.

Gari ikishashuka kwenye jeki, msipime hapo hapo. Magurudumu ya ekseli ya bembea hubaki yamejikunja mpaka gari isukumwe mita kadhaa mbele na nyuma na kubonyezwabonyezwa. Wekeni mtu au uzito wa dereva kwenye kiti cha kulia, na jazeni upepo sawasawa. Mlalo mtaupima kwa timazi ya waashi: itundikeni mbele ya rimu na mpime umbali wa ukingo wa juu na wa chini. Kwa rimu yenye kipenyo cha sentimita 40 ukingo kwa ukingo, tofauti ya milimita 7 ni nyuzi moja. Pande mbili zikipishana sana, rudini kwenye kimo.

Kwa mwelekeo, mshipi wa kuvulia ni kifaa bora na bei yake ni ndogo. Nyosheni mishipi miwili kandokando ya gari, kwenye usawa wa vitovu vya magurudumu, iliyofungwa kwenye vyuma viwili mbele na nyuma ili iwe sambamba. Isogezeni mpaka iwe na umbali sawa na mstari wa katikati wa chesisi, wala msiilinganishe na magurudumu ya mbele, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma wa gari hii si mmoja. Kisha pimeni kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Umbali wa mbele ukizidi, gurudumu limebana mbele, ukipungua, limepanuka. Milimita moja kwenye rimu hiyo ni kama dakika 9, kwa hiyo futi iliyochakaa haifai.

Wanaoanza wengi hujumlisha pande mbili, wakipata sifuri wanaridhika. Gurudumu la kushoto likibana milimita 2 na la kulia likapanuka milimita 2, jumla ni sifuri, lakini yote mawili yanatazama kulia. Nyuma ya gari husukumwa kulia, pua inakwenda kushoto, na dereva anashika usukani umepindia kulia ili aende moja kwa moja. Lalamiko la yule mteja huenda limetoka hapo.

Marekebisho yenyewe hufanywa kwenye matundu marefu ya bamba. Legezeni boliti kiasi cha kuruhusu kuteleza tu, kisha sogezeni ekseli kwa mtaimbo: kwenda mbele hubana, kwenda nyuma hupanua. Kila upande uwe karibu na sifuri au ubane kidogo, kwa vile gurudumu lililopanuka nyuma huifanya gari iwe na wasiwasi kwenye mwendo. Kazeni kwa spana ya kipimo, sukumeni gari tena, na pimeni upya, kwani kukaza kwenyewe husogeza.

Baada ya hapo ndipo mnapoigusa mbele. Kwa majaribio, barabara ya kwenda kusini inafaa, maana matuta ya barabarani kwenye msitu wa Jozani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, yatawaonyesha upesi kama shokapu ni fupi au kama mpira unagusa bodi. Mkirudi, kagueni kuta za ndani za mpira na mabomba ya breki, na mwambieni mwenyewe airudishe baada ya kilomita mia chache, boliti za bamba zikazwe tena.