Dogo anaanza moja kila akijumlisha

Mama Junior, hapo kwa dogo kurudi kuhesabu toka moja kila ukimpa 5+3 wala usimkaripie, ni hatua ya kawaida kabisa. Chukua vizibo vya soda, hesabuni vitano pamoja, vifunike na kikombe huku anaona, alafu weka vitatu nje umuulize vyote vingapi, vya ndani hawezi kuvigusa basi anajikuta anaendelea tu "tano... sita, saba, nane". Akikwama mfunulie. Daftari na alama ya kujumlisha subiri kwanza, hao wanaowapa watoto wa chekechea mazoezi kurasa nzima sijui wanakimbilia wapi. Trei ya mayai nayo iko poa, ikate vibaki vishimo kumi, akiweka vizibo vyake nane anaona mwenyewe bado viwili ijae.