Ukiomba pesa za utafiti wa usalama michezoni, anza na atakayempokea msichana

Niliandika ombi langu la kwanza la ufadhili mwaka 2022, miezi michache baada ya mwanariadha Mkenya Agnes Tirop kuuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 2021, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee kule Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Wanariadha wenzake hawakukaa kimya. Walianzisha Tirop's Angels ili wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa wapate pa kukimbilia. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo aliyerudi chuoni kusomea utafiti, nikajiambia mchango wangu utakuwa takwimu, maana viongozi walikuwa wakisema kila kisa ni cha mtu na mumewe, hakihusu riadha.

Pesa zilipatikana, si nyingi. Bajeti yangu ilikuwa na vishikwambi, posho za wasaidizi, uchapishaji wa hojaji na warsha ya uzinduzi Eldoret yenye chakula cha mchana. Siku ya tatu ya kazi, katika kambi ya mazoezi ya wanariadha, msichana wa miaka 16 alimaliza kujibu maswali, lakini hakuinuka. Akaanza kunieleza jambo lililompata usiku wa kuamkia jana yake, pale pale kambini. Gari letu lilikuwa limeshaondoka na wasaidizi. Sikuwa na nambari ya mshauri nasaha hata mmoja. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze kutumiwa ndani ya saa 72, na nilihesabu saa hizo nikiwa nimesimama barabarani natafuta usafiri, mtoto wa watu ameshika mkoba wangu. Tulifika hospitali kwa wakati. Lakini nilikuwa nimekwenda kumwuliza mtoto swali zito bila kujiandaa kwa jibu lake, na jambo hilo silisahau.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri leo, nitakwambia uandike bajeti kuanzia mwisho. Mstari wa kwanza uwe wa mshauri nasaha aliyeajiriwa kwa muda wote wa mradi na miezi kadhaa baada yake, anayejua lugha ya nyumbani ya wale watoto. Wa pili uwe gari linalobaki kambini hadi mhojiwa wa mwisho aondoke. Kisha tembelea hospitali na dawati la jinsia la kituo cha polisi kabla hujamhoji mtu yeyote, umjue kwa jina ofisa atakayekupokea, ujue fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha ya mwathiriwa, inajazwaje na nani. Nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, mpe kila mtoto, lakini usiitegemee peke yake. Hojaji na vishikwambi vije baadaye. Wafadhili wengine watakwambia hizo ni huduma, si utafiti. Usikubali. Waeleze kwamba kamati ya maadili haitapitisha pendekezo lisilosema anayejeruhiwa na maswali yako atapelekwa wapi, na bila kamati hiyo hupati kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti Kenya. Mfadhili wangu wa pili aliposikia hivyo aliongeza pesa.

Kuna suala la ridhaa, nalo linakula nauli kuliko unavyodhani. Watoto wengi wa kambini wameacha wazazi mbali, na kocha ndiye anayesaini kila karatasi kama mlezi. Sasa fikiria unachunguza madhara yanayoweza kutoka kwa kocha, halafu kocha huyo ndiye anayekuruhusu kuzungumza na mtoto. Sisi tulisafiri hadi kwa wazazi. Ilichukua wiki 5. Mama mmoja alisoma karatasi yetu mara mbili, akauliza kama mwanawe anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Maswali yenyewe nayo yanahitaji pesa za majaribio. Katika hojaji ya kwanza niliandika, "Umewahi kunyanyaswa na kocha?" Karibu wote walijibu hapana. Tuliporudi tukauliza umewahi kuchapwa kwa kuchelewa mazoezini, umewahi kunyimwa chakula ili upungue uzito, umewahi kukandwa misuli chumbani kwa mtu mlango ukiwa umefungwa, majibu yakawa mengine kabisa. Kwao kuchapwa ni nidhamu, ingawa Katiba ya 2010 imekataza. Neno "unyanyasaji" ni letu wa ofisini. Kwa wanariadha wakubwa tuliongeza swali moja ambalo sasa siliachi: kadi yako ya benki anaishika nani? Baada ya swali hilo, wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia maratoni ya Olimpiki Paris, alifariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024 baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto, na nyuma yake kulikuwa na mzozo wa kiwanja na nyumba aliyojenga Endebess, huku Kenya. Mali ya mwanariadha ni sehemu ya usalama wake, na utafiti usioigusa umeacha nusu ya jambo.

Kuhusu pesa zinapopatikana: Mfuko wa Taifa wa Utafiti hapa Kenya ni wa kufuatilia, na Kituo cha Mafunzo ya Olimpiki kule Lausanne hutoa ruzuku kwa wanafunzi wa uzamivu na watafiti chipukizi. Mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza dola milioni 10 kwa kila kipindi cha miaka minne kwa ajili ya usalama michezoni, ikianza na vituo vya majaribio kusini mwa Afrika na visiwa vya Pasifiki. Ukanda wetu haukuwemo. Hilo litaje katika pendekezo lako, wazi kabisa. Ila usichukue pesa za shirikisho au kampuni inayotaka kusoma ripoti na kuirekebisha kabla haijatoka. Nilikataa moja ya namna hiyo, na mwaka ule nilifanya kazi nikidaiwa kodi ya nyumba.

Tenga pia fungu la kurudi. Wengi hukusanya majibu, wakaandika makala, wakapotea. Sisi tulirudi kila kambi tukawasomea matokeo wasichana wenyewe, makocha wakiwa hawapo. Katika kambi moja walisikiliza hadi mwisho, wakanong'onezana, kisha mmoja akasimama kusema wanachotaka kwanza: makomeo ya ndani kwenye milango ya bweni. Nilimwandikia mfadhili jioni hiyo kuomba ruhusa ya kutumia nauli iliyobaki. Fundi alikuja Jumamosi, akafunga 11.