Maswali ya Wasomaji: "Bosi anasema sikuanguka, kwahiyo sikuumia"

Shikamoo anti. Nafanya kazi ya kufungasha kwenye ghala, yaani skana, lebo, tepu, boksi linaondoka linakuja jingine, targeti ni boksi 90 kwa saa. Mwezi wa nane kazini gumba la kulia likaanza kuuma, nikajua litapoa. Sasa hivi usiku naamka mkono umekufa ganzi naukung'uta mpaka damu irudi. Nikahamia mkono wa kushoto nisionekane mzembe. Daktari kaniandikia siku 14 za kupumzika, supavaiza anasema hakuna aliyeniona nikianguka kwahiyo sio ajali ya kazini, siku hizo zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. HR nao wamenipa karatasi nisaini kwamba maumivu nilikuja nayo kutoka nyumbani. Nisaini? Na nikirudi si ntawekwa palepale?
*Boksi 90*

Marahaba mwanangu. Usisaini. Kama ushasaini, andika leo hii barua fupi kwamba ulisaini kwa kushinikizwa na kwamba maelezo yale sio yako, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo.

Sasa hilo la "hujaanguka". Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi miaka mingi na sentensi hiyo naijua kama jina langu. Watu wamezoea kwamba kuumia kazini lazima kuwe na siku, saa, damu na shahidi. Maumivu ya aina yako hayana siku. Hebu piga hesabu: boksi 90 kwa saa, toa mapumziko weka saa 7, ni boksi 630, kila moja unavuta tepu juu na chini, hapo ushakunja kifundo cha mkono mara 1,260 kwa zamu moja na gumba limebana kile kishikio cha tepu muda wote. Kano zinazovuta gumba zinapita ndani ya ala nyembamba pale pembeni ya kifundo, zikisuguana kila siku ala inavimba, njia inakuwa finyu, kila ukikunja inauma. Na ile ganzi ya usiku mara nyingi ni neva inayopita katikati ya kifundo ikibanwa, madaktari wanaita kapali taneli. Angalia ganzi inashika vidole gani. Kama ni gumba, cha shahada na cha kati halafu kidole kidogo kiko salama, mwambie daktari hivyohivyo, inamsaidia sana.

Na sio jambo la kubishania kama lipo au halipo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyoambatana na Pendekezo namba 194 la mwaka 2002, ikafanyiwa marekebisho 2010, humo kuna kuvimba kwa kano za kifundo kwa sababu ya mijongeo ya kurudiarudia na nguvu nyingi, na kapali taneli imetajwa kwa jina. Kwahiyo neno lako sio "ajali", ni "ugonjwa uliotokana na kazi", na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, wanajaza fomu ya ajali, wanafika kwenye sehemu ya tarehe wanaacha wazi, fomu inarudi. Usiache wazi. Mara nyingi tarehe yako ni ile daktari aliyokwambia kwa mara ya kwanza kwamba hiki kitu kinaendana na kazi yako, na chini yake andika dalili zilianza mwezi gani. Ila daktari hawezi kuandika asichokijua. Ukimwambia tu "mkono unauma" ataandika mkono unauma. Mwonyeshe, kaa pale kitini fanya vile unavyofunga boksi, mtajie 90 kwa saa, muombe aandike aina ya kazi kwenye cheti. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko barua tano za wakili.

Pesa. Kuna mifuko miwili na mabosi wanapenda kuichanganya. Wa kwanza ni malipo ya likizo ya ugonjwa, haya mara nyingi yanatoka kwa mwajiri kwa mujibu wa sheria ya ajira na mkataba wako, yanalipwa hata kama ugonjwa hauna uhusiano wowote na kazi, kwahiyo hata tukimkubalia supavaiza uongo wake bado siku 14 za daktari ni siku za ugonjwa. Wa pili ni fidia ya kuumia kazini, ambayo sehemu nyingi inatoka kwenye mfuko wa taifa au bima ambayo mwajiri ndiye anayeichangia, hiyo inabeba matibabu na sehemu ya mshahara kwa muda ambao huwezi kufanya kazi. Mkataba wa ILO namba 121 wa 1964 unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi wa mfano mwenye mwenza na watoto wawili, na katika hali fulani unaruhusu siku 3 za mwanzo zisilipwe. Nchi yako inaweza kuwa na kiwango cha juu zaidi, au haijaridhia kabisa, kwahiyo soma sheria ya kwenu. Na uliza swali moja ambalo watu hawaulizi: hicho "kipato" kinahesabiwaje? Kama miezi yote ulikuwa unafanya ovataimu halafu wanapiga hesabu kwa mshahara mkavu, hapo umepigwa. Weka slipu zako.

Na kwanini wanang'ang'ania karatasi ya "nyumbani"? Ni kwa sababu kesi ya kazini inawekwa kwenye rejista, ikishaingia mkaguzi anaweza kuja kuuliza maswali, na mchango wa bima unaweza kupanda. Mkono wako sio tatizo lao, rejista ndio tatizo.

Likizo yako ya mwaka waiache. Mkataba wa ILO namba 132 wa 1970 unasema siku za kuugua au kuumia hazihesabiwi ndani ya ile likizo ya chini yenye malipo, na sheria nyingi za kazi zina kitu kama hicho. Kukufukuza kwa sababu uko likizo ya ugonjwa nako, mkataba namba 158 wa 1982 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wakikutishia kwa mdomo, nenda nyumbani uandike siku hiyohiyo nani kasema nini, saa ngapi, nani alikuwepo.

Hilo la kuhamia mkono wa kushoto limenitia hofu kuliko yote. Kulikuwa na daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, miaka 300 na zaidi iliyopita, aliandika kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, kwa makarani akamtaja mmoja aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukakataa, jamaa akajifunza kuandikia wa kushoto, haikupita muda na wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa uleule. Wino na manyoya ya ndege, mwanangu, hakuna skana. Acha kuficha.

Na ukirudi, haya ndio mazungumzo ya maana, maana siku 14 zitapoza uvimbe ila meza inakusubiri palepale. Kulipa likizo hakumalizi wajibu wa mwajiri. Akishajua kwamba kazi fulani inaumiza anatakiwa aiangalie kazi yenyewe: urefu wa meza, kishikio cha tepu, targeti, watu wanazungushwa vipi kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Omba kabla ya kurudi, kwa maandishi, kikao kifupi kuhusu kazi nyepesi, na daktari aandike usichotakiwa kufanya badala ya kuandika tu "kazi nyepesi", kwa sababu kazi nyepesi kwa lugha ya supavaiza ni kufunga boksi ndogo. Aandike hivi: asikunje kifundo kwa kurudia, asibane kitu kwa gumba, wiki kadhaa, halafu apimwe tena. Nguo ya kubana kifundo wakikupa vaa, ila sio jibu, unafunga mkono halafu unafanya kazi ileile iliyouumiza.

Msomaji wa pili: Nabeba mifuko ya kilo 50 kutoka kwenye lori. Wiki jana nilisikia mgongo unalia ka! nikashindwa kusimama. Bosi katununulia mikanda ya mgongo, na hela yake kaikata kwenye mshahara. Ni sawa?

Kukata hela sio sawa. Mkataba namba 155 wa 1981 kifungu cha 21 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na tangu Juni 2022 ILO imeiweka kazi salama kwenye haki za msingi ambazo nchi zote wanachama zinatakiwa kuziheshimu. Na huo mkanda wenyewe, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilishausema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mtu ambaye bado hajaumia asiumie. Hesabu yao ya kunyanyua mzigo inaanzia kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, bila kujipinda, mahali pazuri. Wewe unavuta 50 kutoka juu ya lori. Kuna pendekezo la ILO la 1967 linaloruhusu kilo 55 kwa mwanaume, mimi naliona limezeeka, mabosi ndio wanaolikumbuka.

Wewe una siku na saa, kwahiyo ripoti leo, usingoje wiki ijayo. Usilale kitandani siku kumi, mgongo wa kawaida unapona ukitembea kidogokidogo. Ila ukiona mguu unalegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo haushikiki, usisubiri asubuhi, hospitali saa hiyohiyo.

Msomaji wa tatu: Mimi ndio bosi, nina mafundi wawili tu wa cherehani. Mmoja bega linamsumbua. Na mimi nawajibika?

Ndio, na asante kwa kuuliza. Wawili au mia mbili, mtu ni mtu. Mpe ruhusa aende hospitali, andika kwenye daftari tarehe na alichokwambia, mlipe siku zake za ugonjwa, angalia kama umejiandikisha kwenye mfuko wa fidia wa kwenu maana usipojiandikisha unaweza kujikuta unalipa mwenyewe mfukoni. Halafu kaa kwenye kiti chake nusu saa ushone. Mara nyingi ni meza iko juu sana na bega linabaki limenyanyuliwa kutwa nzima, fundi seremala anaimaliza kwa msumeno.