Kamba Wawili, Tangi Moja

SWALI: Mhariri, hapa Likoni nina tangi la kioo la lita 60. Mvuvi ameniletea kamba wawili wenye mikono ya kukunja kama vunjajungu. Je, wataishi pamoja?

JIBU: Ndugu msomaji, watenganishe leo hii, kwani kila mmoja hutaka shimo lake na hulipigania, na atakayejivua gamba, akiwa bado laini, huenda akaliwa na mwenzake. Kati ya kamba wa aina hii, wale wenye mikono ya kuponda hurusha pigo la takriban mita 23 kwa sekunde, lenye nguvu ya kupasua kome na, mara chache, hata kioo. Ukisikia kishindo usiku, si mwizi. Utakayebaki naye mpe kipande cha bomba ajifiche, wala usimshike kwa mkono mtupu.